Kung-fu: sanaa iliyosafiri na mkimbizi

Ndugu wasomaji wa Butembo, Beni na Oicha, nanyi jamaa mliohama makwenu kwa sababu ya vita, jina la Bruce Lee mnalijua. Wengi walimwona katika vyumba vya video, wamebanana kwenye mabenchi ya mbao, halafu wakatoka wakirusha mateke barabarani. Wachache wanajua kwamba mwalimu wake alikuwa mkimbizi, na kwamba sanaa yake ilienea duniani kwa sababu alikimbia. Historia hiyo inatuhusu.

Tuanze mwaka 1900. Kaskazini mwa China, vijana wa vijijini waliinuka kupigana na wageni. Wazungu waliwaita "wapiga ngumi" kwa ajili ya mazoezi yao. Wengi waliamini kwamba mazoezi pamoja na ibada za siri yangezuia risasi zisiingie mwilini. Majeshi ya mataifa 8 yakaingia Peking, na vijana wengi sana wakafa. Miaka 5 baadaye, 1905, wapiganaji wa Maji Maji huko Tanganyika walikunywa na kujipaka maji wakitumaini jambo lilelile, na mwisho ukawa uleule. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa zaidi habari za maji na hirizi.

Baada ya pigo hilo, Wachina wengine walichukua njia tofauti. Mwaka 1910, katika mji wa Shanghai, kilianzishwa chama cha mazoezi kilichoitwa Jing Wu. Badala ya mwalimu kumfundisha mwanawe au wafuasi wachache kwa siri, kulikuwa na darasa, saa ya kuanza na ada ya kulipa. Wanawake pia waliingia. Katika miaka ya 1920 matawi yalifunguliwa hadi Singapore na Malaya. Kung-fu ilikuwa imeshindwa na bunduki, lakini ikapata uhai mpya kama somo.

Sasa tufike kwa mwalimu wa Bruce Lee. Aliitwa Ip Man. Alizaliwa mwaka 1893 katika mji wa Foshan, kusini mwa China, katika jamaa yenye mali. Tangu utoto alijifunza mtindo mmoja wa kung-fu uitwao Wing Chun. Kwa miaka mingi hakufungua shule ya kulipisha watu. Mtu mwenye nyumba kubwa hakuwa na haja ya kuuza ujuzi wake.

Vita vilibadili maisha hayo. Japani iliivamia China, na baadaye Wachina wakapigana wao kwa wao. Mwaka 1949, Wakomunisti waliposhinda, Ip Man alikimbilia Hong Kong, iliyokuwa chini ya Waingereza. Alikuwa na miaka 56. Mpaka ukafungwa. Mke wake alibaki upande wa pili, akafa mwaka 1960 bila wao kuonana tena. Jamaa nyingi zinazosoma habari hii zinajua uzito wa maneno hayo.

Hong Kong ilikuwa imejaa wakimbizi. Mwaka 1950, kwa kutafuta chakula, Ip Man alianza kufundisha wafanyakazi wa mikahawa katika jumba la chama chao. Hakuwa na kiwanja wala ua. Gogo la mazoezi, lenye mikono mitatu na mguu mmoja wa mbao, lilikuwa likisimikwa ardhini. Katika chumba cha ghorofani hilo haliwezekani, kwa hiyo likatundikwa kwenye fremu ya mbao. Hata somo la kwanza la Wing Chun linafaa kwa chumba kidogo: mwanafunzi hulifanya akiwa amesimama mahali pamoja, anasogeza mikono tu.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana Bruce Lee. Mwaka 1959 kijana huyo alikwenda Marekani, akaanza kufundisha katika mji wa Seattle. Wachina wengi wa wakati huo hawakupenda wageni wafundishwe. Yeye alipokea watu wa kila rangi, na mwanafunzi wake wa kwanza, Jesse Glover, alikuwa Mmarekani mweusi. Filimu zake za kung-fu zilikuja baadaye. Ip Man alifariki Desemba 1972 na Bruce Lee Julai 1973, lakini wanafunzi wao walikuwa wameshakuwa walimu, na shule za Wing Chun zikaendelea kufunguliwa Ulaya na Amerika.

Kwetu Afrika, filimu ndizo zilizotangulia, shule zikafuata. Vuka Kasindi uende hadi Kampala. Katika mtaa wa maskini wa Wakaliga, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianza kutengeneza filimu za mapigano kwa pesa kidogo sana. Filimu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ilitazamwa dunia nzima. Mpiganaji wake mkuu, anayejiita Bruce U, anafundisha watoto wa mtaa kung-fu. Hawakungoja jengo, wanafanya mazoezi nje, kwenye udongo.

Congo pia ina mfano, ingawa ni wa judo, sanaa ya Wajapani. Popole Misenga na Yolande Mabika walitenganishwa na jamaa zao wakiwa watoto wakati wa vita vya mashariki. Walijifunza judo Kinshasa, katika kituo cha watoto waliohamishwa na vita. Mwaka 2013 walikwenda Brazil kwa mashindano, wakabaki huko kuomba hifadhi. Mwaka 2016 wote wawili walishindana katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, ndani ya timu ya kwanza ya wakimbizi, na Popole alishinda pambano lake la kwanza.

Lakini tusifiche upande wa pili. Popole alieleza kwamba, alipokuwa akishindwa katika mashindano, makocha walimfungia kwa siku kadhaa, chakula chake mkate na kahawa tu. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto kwenye klabu amuulize mwalimu maswali. Anafundisha nini? Anamtendeaje anayeshindwa? Mwalimu anayemwahidi kijana kwamba risasi haitamgusa, huyo akimbiwe. Mwaka 1900 umeshatujibu.

Tangu mauaji ya Beni yaanze Oktoba 2014, watu wametoka Eringeti, Mbau na Kamango, na wengine baadaye wametoka Kanyabayonga. Katika kuwahesabu tunaandika vichwa, mahema na magodoro. Hatuandiki kwamba huyu ni fundi cherehani, yule ni mwalimu wa hesabu, yule ni mkunga, yule ni kocha. Hong Kong nayo ilimpokea Ip Man kama mkimbizi mmoja kati ya maelfu. Chama cha wafanyakazi wa mikahawa kilimpa ukumbi, naye akatoa alichokuwa nacho.

Wenyeji, mkiwa na chumba kinachokaa bure jioni, parokiani au shuleni, ulizeni ni nani katika wageni wenu anajua kufundisha kitu. Nanyi mliohama: nyumba imebaki, shamba limebaki, lakini ujuzi mmekuja nao. Watoto wanangoja.