Utelezaji Ulivyopata Mashabiki

Kiswahili hakiupendelei mchezo huu. Kuteleza, kwetu, ni ajali: mtu huteleza matopeni, ulimi huteleza mbele ya wakwe, na methali hutufariji kwamba kuteleza si kuanguka. Barafu nayo, kwa aliyekulia pwani, ni kitu cha kunyonya kutoka kifuko cha plastiki wakati wa jua la utosi, si sakafu ya kuchezea. Leo Louisville, Columbus na Buffalo zina jamii za watu waliotoka mashariki ya Kongo, Burundi na Somalia, na wengi wao walikuja na Kiswahili cha nyumbani au cha kambini. Huko wamekutana na ushabiki usioonyesha mzizi wake. Watu wazima hukaa kumtazama msichana mmoja akizunguka juu ya barafu kwa dakika nne, hufutana machozi, kisha huanza kugombana na majaji. Walianzaje?

Jibu la haraka ni baridi. Jibu hilo linaifaa Buffalo, iliyo kando ya Ziwa Erie na kuzoea theluji ya kufika kiunoni. Louisville, mji wa ukingo wa Mto Ohio ambako majira ya joto hukaa kama mgeni asiyetaka kuaga, halielezi kitu. Tena baridi huzaa watelezaji, haizai watazamaji. Katika karne ya 19 Wamarekani waliteleza kwa maelfu kwenye mabwawa yaliyoganda, lakini Jackson Haines, mzaliwa wa New York aliyeufanya utelezaji kuwa dansi ya kufuata muziki, ilimbidi avuke bahari kutafuta wa kumshangilia. Vienna ilimpokea kwa shangwe. Kwao alionekana mtu wa mbwembwe, na mwaka 1875 alifia Finland. Wamarekani waliopenda kuteleza walikuwa tele. Waliokuwa tayari kulipa ili waketi na kumtazama mwingine akiteleza walikuwa bado.

Hao waliletwa na filamu na wenye kumbi. Sonja Henie wa Norway, bingwa wa dunia mara 10 mfululizo kuanzia 1927 hadi 1936 na mshindi wa dhahabu tatu za Olimpiki, aliacha mashindano na kwenda Hollywood. Filamu yake ya kwanza huko, *One in a Million*, ilitoka mwishoni mwa 1936. Watu ambao maishani mwao hawangeyaona mashindano ya Olimpiki walimwona kwenye sinema ya mtaani, amevaa manyoya meupe, kamera ikimfuata kwa karibu kuliko jaji yeyote. Kilichowavutia kilikuwa nyota na hadithi. Kanuni hawakuzijua na hawakuzihitaji.

Wenye kumbi walikuwa na hesabu yao. Ukumbi wa hoki una mitambo ya kugandisha sakafu na viti maelfu, nao unapokosa mechi ni hasara tupu. Mwaka 1940 kundi la wamiliki na mameneja wa kumbi hizo, John H. Harris wa Pittsburgh akiwa mstari wa mbele, liliunda Ice Capades, onyesho la kusafiri la watelezaji, wachekeshaji na wasichana waliojipanga mistari kama askari wa gwaride. Mwaka huohuo Buffalo ilifungua Memorial Auditorium yake. Miaka mitatu baadaye, katika Toledo, kaskazini mwa jimbo lilelile la Ohio ambalo Columbus ni makao makuu yake, lilizaliwa Holiday on Ice, onyesho lililosafiri na barafu yake lenyewe: mabomba na mashine vikabebwa kutoka mji hadi mji, sakafu ikagandishwa hata mahali ambapo hapakuwahi kuwa na hoki. Kwa miji ya kusini kama Louisville, uvumbuzi huo wa mafundi una uzito kuliko medali zote za Henie. Barafu ilikoma kuwa jambo la hali ya hewa. Ikawa mzigo wa kusafirishwa, kama hema la sarakasi.

Mashabiki wa mwanzo, basi, hawakuwa wapenzi wa michezo. Walikuwa wapenzi wa tamasha. Hapakuwa na alama wala mshindi; palikuwa na taa za rangi, bendi, na mama aliyemleta bintiye na kumnunulia kitabu cha picha. Wanahistoria wa michezo huyapita maonyesho haya kwa aya moja, kama jambo la kuonea haya, na hapo wanakosea. Debi Thomas, bingwa wa dunia wa 1986, alivutwa na mchezo huu utotoni alipopelekwa kutazama onyesho la barafuni, na aliyemteka hakuwa bingwa wa chochote. Alikuwa mchekeshaji wa Kiswisi aliyejulikana kama Bwana Frick, aliyejua kuinama nyuma hadi ukadhani mgongo wake hauna mifupa. Mwaka 1988 huko Calgary, Thomas akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Njia hiyo ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Mabel Fairbanks, msichana Mweusi aliyekuwa akiishi New York katika miaka ya 1930, alitekwa na filamu ileile ya Henie. Tiketi ya sinema aliipata; barafu aliinyimwa, kwa sababu ya rangi yake. Alijifunza kwa kuvizia nafasi, akateleza katika maonyesho, lakini mashindano ya taifa hakuyafikia kamwe. Baadaye alifundisha California, ambako baadhi ya mabingwa wa Marekani walipitia mikononi mwake. Mwaka 1997 aliingizwa katika orodha ya heshima ya utelezaji wa Marekani, Mweusi wa kwanza humo, akiwa amekwisha kupita miaka 80. Shabiki wa aina yake alipenda kitu kisichomtaka, na hilo ni jambo ambalo historia za ushabiki hulisema kwa nadra.

Louisville inalielewa. Mwaka 1956 mji huo ulifungua ukumbi mkubwa ulioitwa Freedom Hall, yaani Ukumbi wa Uhuru, jina lililopatikana kwa shindano la insha la wanafunzi wa Kentucky. Wakati huohuo bustani ya michezo ya Fontaine Ferry, yenye bembea na uwanja wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, iliwazuia watoto Weusi wa mji huo, na iliendelea kuwazuia hadi 1964. Mmoja wa watoto wa mji huo alikuwa Cassius Clay. Tarehe 29 Oktoba 1960 alipigana pambano lake la kwanza la kulipwa ndani ya Freedom Hall. Miaka michache baadaye watu wa Zanzibar, Mombasa na Bujumbura wasiowahi kukanyaga ukumbi wa ndondi walikuwa mashabiki wake kwa njia ya redio. Namtaja kwa sababu anatuonyesha kwamba ushabiki hauhitaji mtu awe amewahi kuucheza mchezo wala kuufikia uwanja wake. Unahitaji sauti au picha iliyoletwa hadi sebuleni.

Kwa utelezaji, picha hiyo ilikuwa televisheni, na ilianza kwa msiba. Mapema 1961 mashindano ya taifa ya Marekani, yaliyofanyika Colorado Springs, yalionyeshwa na CBS, na watazamaji wakamjua kwa sura Laurence Owen, bingwa mwenye umri wa miaka 16. Tarehe 15 Februari ndege ya Sabena iliyokuwa ikiipeleka timu Prague ilianguka karibu na Brussels. Abiria na wahudumu wote 72 walikufa, miongoni mwao watelezaji wote 18 wa Marekani, pamoja na makocha wao na jamaa zao. Mashindano ya dunia yakafutwa. Wengi walioliona jina la Owen kwa mara ya kwanza kwenye kioo walilisoma mara ya pili katika habari za vifo.

Aliyewafundisha watazamaji kutazama ni Dick Button, bingwa wa Olimpiki wa 1948 na 1952, aliyegeuka mtangazaji. Alisifu, alikemea, alieleza kwa nini mguu ulipaswa kunyooka. Alifariki tarehe 30 Januari 2025, siku moja baada ya ajali nyingine ya ndege, mjini Washington, kuwachukua watelezaji chipukizi na makocha wao. Kazi yake ilikuwa na tokeo ambalo viongozi wa mchezo hawakulitarajia: watazamaji walijifunza kiasi cha kutosha kutokubaliana na majaji.

Hapa inaingia Buffalo. Mwaka 1971 mashindano ya taifa yalifanyika mjini humo, na Janet Lynn akatwaa ubingwa wake wa tatu kati ya mitano mfululizo. Ili kuona uzito wa jambo hili, msomaji lazima ajue kwamba utelezaji wa wakati ule ulikuwa michezo miwili ndani ya mmoja. Wa kwanza ulikuwa michoro ya lazima, ile iliyoupa mchezo huu jina lake kwa Kiingereza. Mtelezaji aliichora namba nane na ndugu zake juu ya barafu safi kwa ukali wa chuma cha kiatu, kisha akapita tena juu ya mstari uleule, na tena. Majaji waliinama, wengine wakapiga magoti, kukagua upana wa alama kama mafundi seremala wanaokagua kiungo cha ubao. Hapakuwa na muziki. Viti vilikuwa vitupu. Mchezo wa pili ulikuwa utelezaji huru, wenye muziki na miruko, na televisheni iliuonyesha huo peke yake.

Lynn alikuwa malkia wa ule wa pili. Katika Olimpiki ya Sapporo ya 1972, Beatrix Schuba wa Austria alijikusanyia alama nyingi mno katika michoro hata akachukua dhahabu ingawa katika utelezaji huru alishika nafasi ya 7. Lynn alianguka, akainuka akitabasamu, akapata shaba, na Wajapani wakampenda kuliko mshindi. Watazamaji majumbani, ambao michoro hawakuiona, waliona kitu kimoja tu: aliyeteleza vizuri zaidi alikuwa wa tatu. Malalamiko yakawa mengi. Msimu uliofuata thamani ya michoro ikapunguzwa hadi asilimia 40 na programu fupi yenye muziki ikaongezwa. Kejeli ya mambo ni kwamba Lynn mwenyewe alianguka katika programu fupi hiyo kwenye mashindano ya dunia ya 1973 na kuukosa ubingwa. Akaingia onyesho la Ice Follies kwa mkataba wa miaka mitatu wa takriban dola milioni 1.45, akawa mwanamke aliyelipwa zaidi katika michezo. Tamasha lililozaa mashabiki likamchukua kipenzi chao.

Michoro iliendelea kudhoofu, na mwaka 1990 ikaondolewa kabisa katika mashindano ya kimataifa. Mwaka huohuo Buffalo iliandaa Skate America, mwanzoni mwa msimu wa kwanza bila michoro. Kwa maoni yangu hakuna mfano ulio wazi kuliko huu wa watu wa viti kuibadili sanaa ya watu wa uwanjani. Waliokuwa wageni wa mchezo waliing'oa nguzo iliyoupa jina, kwa sababu tu hawakuweza kuiona kutoka walipoketi.

Hata hivyo walibaki mashabiki wa mtindo mpole mpaka zilipotokea pande mbili. Sisi tunalijua hili tangu enzi za beni, Marini dhidi ya Arinoti, na kutoka kwa vyama vya lelemama vya Mombasa vilivyoshindana kwa mavazi na nyimbo za mafumbo: mtazamaji huwa shabiki anapopata mpinzani. Simba bila Yanga ni timu nzuri tu. Mwaka 1988 Thomas na Katarina Witt wa Ujerumani Mashariki waliteleza wote wawili kwa muziki wa *Carmen*, na watu wakagawanyika. Mwaka 1994 ushindani ukawa jinai: Nancy Kerrigan alipigwa rungu gotini mjini Detroit tarehe 6 Januari, na waliopanga shambulio walikuwa watu wa karibu na mpinzani wake, Tonya Harding. Wiki saba baadaye wawili hao waliteleza katika Olimpiki ya Lillehammer, na takriban nusu ya nyumba zenye televisheni nchini Marekani zilitazama programu fupi, ingawa picha zilirushwa saa kadhaa baada ya tukio. Wengi wanaojiita mashabiki wa zamani huanzia hapo, na husita kidogo kukiri.

Kisha kikaja kilichowapunguza. Baada ya kashfa ya uamuzi katika Olimpiki ya Salt Lake City ya 2002, alama za zamani, ambazo kilele chake kilikuwa 6.0, zilifutwa na mfumo mpya wa kujumlisha thamani ya kila tendo ukapitishwa mwaka 2004. Ni mfumo wa haki zaidi. Ni mfumo pia usiomruhusu bibi wa Louisville kupaza sauti kwamba ile ilikuwa 5.9, kwani hakuna anayejua kwa macho tofauti ya alama 104 na 107. Shabiki aliyefundishwa na Button kubishana alinyang'anywa lugha ya ubishi.

Waliobaki, na vijana waliokuja na kaida nyingine, walijaa Nationwide Arena ya Columbus Januari 2024, katika mashindano ya taifa. Ilia Malinin alitetea taji lake, huyo ambaye mwaka 2022 alikuwa mtu wa kwanza kuruka akseli ya mizunguko minne na nusu katika mashindano; Amber Glenn alipata ubingwa wake wa kwanza. Wanasesere walirushwa barafuni na watoto wadogo wakateleza kuwaokota. Kila baada ya kundi la washindani, mashine ilipita ikikwangua barafu na kumwaga maji ya moto, na mistari yote iliyochorwa na viatu ikafutika bila jaji yeyote kuinama kuitazama.