Kutoka "hawaja" hadi "MTN": Majina ya wageni mjini Juba na namna yanavyogeuka matusi

Katika masoko ya Juba kama Konyokonyo na Custom, mfanyabiashara kutoka Kampala, mwenye hoteli kutoka Asmara na mtumishi wa shirika la misaada kutoka Ulaya hawaitwi kwa jina moja. Kiarabu cha Juba, lugha ya mawasiliano ya mji huo, kina msamiati mpana wa kumtaja mtu asiye mwenyeji. Baadhi ya maneno hayo ni ya kawaida kabisa. Mengine yameandamana na umwagaji damu. Ukiyachunguza moja baada ya jingine, unaona kwamba asili ya neno haitoshi kueleza ukali wake.

Lugha iliyoletwa na wageni

Kiarabu cha Juba chenyewe ni zao la ujio wa wageni. Majeshi ya Misri chini ya Muhammad Ali yaliivamia Sudan kuanzia mwaka 1820, na mwaka 1841 msafara wao ulifika Gondokoro, karibu na ilipo Juba leo. Katika kambi za kijeshi na za biashara zilizofuata, watu wa makabila mbalimbali walilazimika kuelewana kwa Kiarabu kilichorahisishwa. Askari wa Emin Pasha waliohamia kusini waliichukua lugha hiyo. Kizazi chake ni Kinubi, kinachozungumzwa hadi leo Bombo nchini Uganda na Kibera mjini Nairobi.

Hawaja na ajnabi

Neno linalosikika zaidi ni "hawaja" au "khawaja", analoitwa Mzungu. Asili yake ni Kiajemi, ambako lilimaanisha bwana, mwalimu au tajiri wa biashara. Katika Misri na Shamu lilikuwa jina la heshima, hasa kwa wafanyabiashara Wakristo na Wazungu. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua kwa sura nyingine: jina la jamii ya Makhoja wa Zanzibar na Mombasa limetokana na shina hilo hilo.

Mjini Juba, kuitwa hawaja si kutukanwa. Hata hivyo, heshima ya zamani imebaki na kivuli chake: hawaja hudhaniwa kuwa na fedha, na bei ya bidhaa huweza kupanda kabla hajauliza. Waswahili wanaufahamu mkasa huo kupitia neno "mzungu".

"Ajnabi" nalo ni neno la Kiarabu la kawaida na la kisheria, lenye maana ya mtu wa kando. Kiswahili kinalo pia, kwa sura ya "ajinabi". Halina kejeli, lakini uzito wake hubadilika kufuatana na siasa. Septemba 2014, Wizara ya Kazi ya Sudan Kusini ilitoa waraka uliotaka nafasi nyingi zilizoshikwa na wageni zijazwe na raia. Siku chache baadaye serikali ililegeza msimamo. Katika siku hizo, Wakenya na Waganda wengi walijikuta wakilisikia neno lile lile la kila siku kama amri ya kufungasha mizigo.

Jallaba na abid

"Jallaba" limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuleta bidhaa. Jallaba alikuwa mchuuzi anayeleta vitu kutoka mbali, kwa hiyo neno lenyewe halina ubaya wowote. Lakini katika karne ya 19, wachuuzi waliotoka kaskazini walifuata pembe za ndovu na watumwa. Katika kumbukumbu ya watu wa kusini, jina la kazi likawa jina la mtesaji, na baadaye likamwangukia kila Mwarabu wa kaskazini, hata aliyezaliwa Juba.

Upande wa pili kulikuwa na jibu lake: "abid", yaani mtumwa, tusi ambalo watu wa kusini walitupiwa mjini Khartoum kwa vizazi vingi. Ajabu ni kwamba shina lake ndilo lililotoa maneno "ibada" na "kuabudu" katika Kiswahili, na jina la heshima Abdallah. Vita vya mwaka 1955 hadi 1972, na vya mwaka 1983 hadi 2005, vilipiganwa na watu waliokuwa wakiitana hivyo.

Uhuru wa Julai 2011 haukuufuta uchungu huo. Januari 2025, baada ya taarifa za kuuawa kwa raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani nchini Sudan, ghasia zilizuka Juba na miji mingine. Maduka ya Wasudani yaliporwa, polisi walitangaza vifo vya Wasudani 16, na amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa. Waliolengwa walikuwa wafanyabiashara, watu wa kundi lile lile ambalo neno jallaba limelitaja kwa muda mrefu. Hawakuwa na mkono katika yaliyotokea Wad Madani.

Mgeni aliye jirani

Si lazima mtu atoke nje ya nchi ili aitwe mgeni. Wadinka, wanaojiita Jieng, humwita asiye Mdinka "jur". Jina hilo liliwaganda majirani zao Waluwo, ambao ramani za kikoloni ziliwaandika "Jur". Vivyo hivyo, Wazande waliitwa "Niam-Niam" na wasafiri wa karne ya 19, jina lenye kuashiria ulaji wa watu, ambalo wenyewe hawakulichagua.

Mfano mchungu zaidi ni wa karibuni. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, katika eneo la Equatoria Wadinka walianza kuitwa "MTN", jina la kampuni ya simu ambayo tangazo lake liliahidi kuwa nawe popote uendapo. Maana ilikuwa kwamba Wadinka wameenea kila mahali na kutwaa kila kitu. Neno hilo la utani liliingia katika orodha ya maneno ya chuki ya Sudan Kusini iliyokusanywa na taasisi ya PeaceTech Lab ya Marekani. Novemba mwaka huo, Adama Dieng, mshauri wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuzuia mauaji ya kimbari, alionya akiwa Juba kwamba ghasia za kikabila zingeweza kufikia kiwango hicho.

Si Juba peke yake

Mwenendo huu unaonekana kwingineko. Neno la Kihispania "gringo" linaaminika kutokana na "griego", Mgiriki, yaani mtu anayezungumza lugha isiyoeleweka. Lilikwishaandikwa katika karne ya 18, kabla ya vita vya Marekani na Mexico ambavyo hadithi za mitaani huvitaja kuwa chanzo chake. Leo laweza kuwa utani au tusi, kutegemea msemaji. Lakini "sudaca", kifupisho tu cha neno la mtu wa Amerika Kusini, nchini Hispania ni tusi. Waswahili nao wana "mshenzi", neno ambalo watu wa pwani waliwaitia watu wa bara.

Kwa msikilizaji anayeishi Juba au anayepanga kwenda huko, kipimo ni rahisi kukieleza kuliko kukifuata. Hawaja, ajnabi na "Habash", jina la Waethiopia na Waeritrea, ni maneno ya sokoni. Jallaba ni la kuepukwa. Abid na MTN hayana matumizi ya utani. Na palipo na shaka, jina ambalo watu wamejichagulia wenyewe ndilo salama.