Beki wa Nampula

Wapenzi wa mpira wakimkumbuka Abel Xavier, hukumbuka vitu viwili: nywele na mkono. Nywele alizipaka rangi mpaka zikawa nyeupe kama pamba, na ndevu vilevile. Mkono ndio uliomharibia jina. Lakini kuna la tatu ambalo wengi hata hapa kwetu hawalijui: huyu bwana ni mtoto wa Nampula. Alizaliwa huko tarehe 30 Novemba 1972, mji uleule ambao ndugu zetu wengi wa Mocímboa, Palma, Macomia na Quissanga wameukimbilia.

Alipozaliwa, Frelimo na Wareno walikuwa bado wanapigana Cabo Delgado. Uhuru ukaja 1975. Familia yake ikahamia Ureno naye akiwa mtoto mdogo. Simwiti mkimbizi, maana neno hilo sisi tunalijua uzito wake. Ila aliondoka bila kuulizwa, kama watoto wetu walivyoondoka.

Huko akakulia mpirani. Mwaka 1991 alikuwa katika kikosi cha vijana wa Ureno kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana pale Lisbon, kwa kuifunga Brazil kwa penati. Hapa vijana wa kambini hubishana: kwa nini hakuichezea Msumbiji? Wengine humwita msaliti kabisa. Mimi sikubali. Eusébio, Coluna na Hilário waliichezea Ureno kwa sababu wakati wao Msumbiji haikuwa na bendera. Wakati wa Xavier bendera ilikuwepo, lakini nchi ilikuwa imegawanywa na vita vya Frelimo na Renamo mpaka 1992. Angerudi kuchezea wapi?

Basi akawa mtu wa kuhamahama: Benfica, Bari, Oviedo, PSV, Everton, Liverpool, Galatasaray, Hannover, Roma, Middlesbrough, mpaka Los Angeles. Kutoka Everton kwenda Liverpool, Januari 2002, ni sawa na kutoka Simba kwenda Yanga. Si kila beki ana moyo huo.

Sasa ule mkono. Tarehe 28 Juni 2000, Brussels, nusu fainali ya Ulaya, Ureno na Ufaransa wako 1-1 katika muda wa nyongeza. Sheria ya wakati ule ilikuwa bao la dhahabu: anayefunga kwanza, mpira umekwisha. Wiltord akapiga, Xavier akiwa karibu na mlingoti, mpira ukamgonga mkononi. Mshika kibendera akaona, mwamuzi Benkö wa Austria akaweka penati, Zidane akafunga. Wareno wakawazonga waamuzi. Xavier akafungiwa miezi tisa kucheza mashindano ya UEFA. Ukiitazama picha ile leo, mkono umegusa, hakuna ubishi. Kama alikusudia, hilo analijua yeye.

Likaja na jingine. Mwaka 2005, akiwa Middlesbrough, alipimwa baada ya mechi na Xanthi ya Ugiriki, ikakutwa dawa ya kuongeza nguvu. Alikana. Alifungiwa miezi 18, mahakama ya michezo ikapunguza mpaka 12. Mwisho wa 2009, akiwa ameshaacha kucheza, alisilimu Uarabuni na kuchukua jina la Faisal. Kwa watu wa pwani hiyo ni habari njema, lakini sitaitumia kumsafishia jina. Deni la mpira hulipwa uwanjani.

Alipokuwa kocha alianzia timu ndogo za Ureno, Olhanense na nyinginezo. Kisha mwaka 2016 akapewa Mambas. (Mswahili akisikia mamba anafikiria mtoni. Hawa ni wale nyoka, koboko.) Mtoto aliyebebwa mgongoni kutoka nchini akarudi kama mwalimu wa timu ya taifa.

Juni 2017 Mambas wakaenda Ndola wakaipiga Zambia 1-0, Zambia iliyokuwa bingwa wa Afrika 2012. Tukaanza kuota. Miezi minne baadaye, tarehe 5 Oktoba, Mocímboa da Praia ikavamiwa, na sisi wa kaskazini tukawa na mambo mengine ya kuhesabu.

Mpira uliendelea. Namibia ikatufunga nje ndani, na hapo ndipo safari ilipoharibika, si kwingine. Hata hivyo siku ya mwisho, Machi 2019, hesabu ilikuwa rahisi: shinda Bissau, nenda Misri kwenye fainali. Beira ilikuwa bado kwenye maji ya kimbunga Idai. Mambas waliongoza 2-1. Mwisho kabisa Guinea-Bissau wakasawazisha. Namibia, iliyofungwa na Zambia siku hiyohiyo, ikapita badala yetu kwa zile mechi mbili walizotufunga. Tulikuwa na pointi nane, na wao nane.

Mwezi uliofuata kimbunga Kenneth kikatupiga sisi, na mwaka huohuo Xavier akaondoka kwenye kazi. Wakosoaji wanasema alishindwa. Kwa karatasi, ndiyo.

Tarehe 22 Januari 2024, Abidjan, chini ya kocha mwingine, Chiquinho Conde, Msumbiji ilikuwa nyuma 2-0 mbele ya Ghana na dakika tisini zimekwisha. Geny Catamo akafunga penati. Kisha ikapigwa kona, na aliyesawazisha alikuwa beki: Reinildo Mandava, mtoto wa Beira.