Wavu Umekunjika, Nani Kaukunja?

Neno mshipa tumelitwika mengi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na ule ugonjwa ambao wazee huutaja kwa sauti ya chini. Madaktari hupendelea ngiri, na wana haki, maana mshipa huchanganywa pia na busha, ambalo ni maji yaliyojaa kwenye korodani. Ngiri ni jambo jingine: ukuta wa tumbo umelegea mahali, utumbo au mafuta yakajipenyeza.

Siku hizi mahali hapo huzibwa kwa wavu wa plastiki, aghalabu polipropilini. Wapo wanaosema neti, nao hawako mbali na ukweli: mashariki mwa Uganda watafiti walitumia kitambaa cha chandarua kilichotakaswa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikaribiana na ya wavu wa bei ghali. Jina la jumla ni kipandikizi, nami nalipenda. Mche ukipandikizwa hutazamiwa kushika mizizi. Wavu nao nyama huota kupitia matundu yake mpaka vikashikana. Ndiyo maana daktari anayetakiwa kuutoa huwa kwa kweli anaung'oa, pengine kipande kwa kipande.

Ugomvi wangu ni na maneno yanayofuata. Wavu husinyaa, hukunjika, huhama, hunatana na utumbo. Hukunjika, jamani; hatusemi hukunjwa. Kauli ya kutendeka imemfuta mtenda. Mgonjwa akirudi na maumivu, faili lake huandikwa "ngiri imejirudia", kana kwamba ngiri yenyewe ndiyo iliyoamua.

Mahakamani sarufi hiyo haitoshi. Nchini Marekani, kiraka cha Composix Kugel cha Davol, kampuni tanzu ya C. R. Bard, kilianza kuondolewa sokoni Desemba 2005 kwa kuwa pete yake ya plastiki iliweza kuvunjika na kutoboa utumbo. Pete imevunjika, sawa. Lakini wakili wa mgonjwa hutafuta vitenzi vyenye mtu ndani yake: nani aliisanifu, nani aliipima, nani alijua asiseme? Akipata jibu, yale yaliyoitwa "matatizo baada ya upasuaji" hubadilika jina yakawa kasoro, na kasoro ina mwenyewe. Asipopata, yanabaki matatizo, neno pana lisilomgusa mtu.

Kesi nyingine za nyavu za Bard zilianza kukusanywa Columbus, Ohio, mwaka 2018. Katika ya kwanza kusikilizwa, mwaka 2021, kampuni ilishinda. Mwaka uliofuata, katika kesi nyingine, jopo la raia liliupa upande wa mdai dola 255,000. Oktoba 2024 Becton Dickinson, iliyokwisha kuinunua Bard, ilitangaza makubaliano ya kumaliza kesi zipatazo 38,000, ikisema kufanya hivyo si kukiri kosa. Wanahabari wakiyaita suluhu, mimi nasita. Suluhu hupatikana kwa waliogombana kukaa mkeka mmoja, na wengi wa hawa hawajaonana hata kwa mbali. Fidia ni neno la haki zaidi, ingawa mlipaji hatalipenda.

Halafu kuna mdaiwa. Mtaani, mdaiwa ni mwenye deni, na watoto wake hutumwa mlangoni kusema baba hayupo. Mahakamani, mdaiwa ni yeyote aliyefunguliwa madai, deni liwepo lisiwepo. Kampuni hiyo imekubali kulipa kama mdaiwa wa mtaani, huku ikishikilia kwamba ni mdaiwa wa mahakamani tu.