Mkandarasi

Siku hizi mikataba ya biashara ndogo humwita mpiga picha, fundi wa kompyuta, hata mfanya usafi, "mkandarasi huru". Tanzania jina hilo linapotosha. Mkandarasi tunayemjua ni mjenzi wa barabara na majengo, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mpiga picha ni mtoa huduma, na karatasi yake ni mkataba wa huduma.

Hata hivyo, sheria haiishii kwenye jina. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata jambo moja kati ya haya: anapangiwa saa za kazi, anapewa vifaa, anamtegemea anayemfanyia kazi kwa kipato, au amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni wiki moja tu ya kazi!

Kwa hiyo mwandishi wa mkataba achunge vitenzi. "Ataripoti saa mbili asubuhi" na "ataomba ruhusa" ni maneno ya ajira. "Atakabidhi picha 40 kabla ya tarehe 15, kwa kamera yake mwenyewe" ni ya huduma. Inaniuma kuona dada wa mapokezi, mwenye sare ya kampuni na zamu za kila siku, akisainishwa kama mkandarasi ili asipewe likizo wala kuchangiwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Huyo ni mwajiriwa, na mkataba wake useme hivyo.