Tiba ya Kinga kwa Saratani ya Burkitt: Namna Inavyofanya Kazi na Umuhimu wa Kuwahi Hospitali

Tiba ya kinga ni njia ya kutibu saratani kwa kuuwezesha mfumo wa kinga ya mwili kuzitambua na kuziangamiza chembe zenye ugonjwa. Kwa watoto, hutumika katika baadhi ya saratani zenye hatari kubwa, hususani zilizokwisha kusambaa mwilini.

Kwa wakazi wa Songwa wilayani Kishapu, na wa mikoa ya Shinyanga na Geita kwa jumla, saratani ya watoto inayohusiana kwa karibu na tiba hiyo ni limfoma ya Burkitt, ambayo mara nyingi huanzia kwenye taya au tumboni. Ugonjwa huo huonekana zaidi katika maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi, ikiwemo Kanda ya Ziwa. Mwaka 1958 ulielezwa kitaalamu na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Uganda. Mwaka 1964 watafiti nchini Uingereza waligundua virusi vya Epstein-Barr ndani ya chembe za uvimbe huo. Maambukizi ya virusi hivyo utotoni, yakiambatana na malaria ya mara kwa mara, huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa.

Dalili za awali

Dalili ni pamoja na uvimbe wa taya, meno kulegea bila sababu, jicho kutokeza nje na tumbo kujaa. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo, mtoto anayedhaniwa kuwa na jino bovu, akang'olewa jino na kurudishwa nyumbani, anaweza kupoteza muda ambao ungeokoa maisha yake.

Namna tiba inavyofanya kazi

Msingi wa matibabu ni tibakemikali. Ugonjwa ukiwa umefika kwenye uboho au ubongo, au ukiwa umeenea sana tumboni, huhesabiwa kuwa wa hatari kubwa. Hapo ndipo kingamwili iliyotengenezwa maabara, iitwayo rituximab, inapoweza kuongezwa. Dawa hiyo hutolewa kwa dripu. Hujishikiza kwenye protini ya CD20 iliyo juu ya chembe B, ambazo ndizo chanzo cha saratani hii, na kuziwekea alama ili askari wa mwili wazishambulie.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha watoto na vijana 328 wenye limfoma za chembe B za hatari kubwa, nyingi zikiwa za Burkitt. Baada ya miaka 3, asilimia 93.9 ya waliopewa rituximab pamoja na tibakemikali walikuwa hai bila ugonjwa kurejea au kuendelea, ikilinganishwa na asilimia 82.3 ya waliopewa tibakemikali pekee.

Tahadhari

Rituximab haichukui nafasi ya tibakemikali. Inaweza kusababisha homa na mzio wakati wa kutolewa, kupunguza kinga dhidi ya maambukizi na kuamsha homa ya ini aina ya B iliyojificha mwilini. Hivyo mgonjwa hupimwa kwanza, na dawa hutolewa chini ya uangalizi wa madaktari bingwa, mahali penye maabara, damu ya akiba na uwezo wa kutibu maambukizi kwa haraka.

Hatua za kufuata

Mzazi au mlezi anayeona dalili hizo anapaswa kumfikisha mtoto katika zahanati au kituo cha afya bila kusubiri, na kuomba rufaa iwapo uvimbe unaendelea kukua. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza, hutoa huduma za saratani kwa watoto wa Kanda ya Ziwa. Huko huchukuliwa kipande cha nyama ya uvimbe kwa uchunguzi, pamoja na sampuli za uboho na majimaji ya uti wa mgongo.

Mara nyingi uvimbe hunywea haraka baada ya dozi za kwanza. Baadhi ya familia huona mtoto amepona na kurejea shambani au machimboni kabla ya kumaliza mizunguko ya dawa. Kunywea kwa uvimbe si kupona: chembe zilizobaki huweza kuurudisha ugonjwa ukiwa mgumu zaidi kutibika. Kuwahi hospitali na kukamilisha matibabu ndiko kunakoipa tiba yoyote, ya zamani au mpya, nafasi ya kuokoa maisha ya mtoto.