Seanghleann na Gleann Cholm Cille: Jina la Mahali na Madai ya Ukoo katika Parokia ya Donegal

Gleann Cholm Cille, parokia ya mashambani iliyo kando ya Bahari ya Atlantiki katika kaunti ya Donegal, Ayalandi, hufasiriwa kwa wepesi kuwa bonde la Colm Cille, mtakatifu aliyefariki katika kisiwa cha Iona mwaka 597. Kisarufi fasiri hiyo ni sahihi: gleann ni bonde, na konsonanti ya kwanza ya Colm imelainika kwa kuwa jina limo katika hali ya umilikishi. Kihistoria, hata hivyo, inafunika jina lililotangulia, Seanghleann, yaani bonde kongwe.

Jina hilo halimtaji mmiliki yeyote. Linataja ukongwe tu, na ardhi yenyewe haiupingi: Málainn Mhóir, ndani ya parokia hiyohiyo, kuna kaburi kubwa la mawe lililojengwa na wakulima wa kale, maelfu ya miaka kabla ya Ukristo kufika.

Bonde kongwe lilipataje mwenyewe? Jibu la kimapokeo limo katika wasifu wa Colm Cille uliokamilishwa mwaka 1532 na Maghnus Ó Domhnaill. Humo mashetani waliofukuzwa na Patrick wanakimbilia Seanghleann, na Colm Cille anawatimua hadi baharini. Wasomaji wengi huishia kwenye ajabu ya kisa hicho. Kwa maoni yangu, anayesimulia ana uzito kuliko mashetani. Maghnus alikuwa mwana wa mtawala wa Donegal, na ukoo wake ulijihesabu kuwa wa nasaba moja na mtakatifu. Kisa kinachompa Colm Cille bonde kinawapa jamaa zake haki juu yake. Hapa hadithi inafanya kazi ya hati ya ardhi.

Jina liliimarishwa pia kwa miguu. Kila tarehe 9 Juni waumini huzunguka vituo 15 vya bonde hilo wakisali, na baadhi ya vituo vina mawe yaliyochongwa misalaba tangu enzi za mwanzo za Ukristo.

Kwa tahajia ya Kiingereza jina likawa Glencolumbkille, ambamo ulainishaji wa konsonanti umepotea. Mwaka 2005 amri ya serikali ilianza kutumika, ikiyafanya majina ya Kiayalandi kuwa ndiyo pekee yenye nguvu ya kisheria katika maeneo yanayozungumza lugha hiyo. Jina lililorejeshwa rasmi ni Gleann Cholm Cille, si Seanghleann.